Dakika Arobaini za Gatitu

Tulimzika Engineer Githinji siku ya Alhamisi huko Kiriaini, kwenye shamba lake la chai lenye mteremko mkali kiasi kwamba viti vya plastiki vilitiwa mawe chini ya miguu ili waombolezaji tusiserereke hadi mtoni. Nilikaa safu ya nyuma kabisa, kwa sababu nina umri wa kujua kwamba hotuba za mazishi hazina breki. Mchungaji alikuwa anasoma wasifu wa marehemu nilipomwona mwanamume amesimama kando ya hema, amejaza suti vizuri, nywele zimemkimbia, uzito wote ameutupa kwenye mguu mmoja na mikono ameificha kwapani. Sikumtambua kwa sura. Nilimtambua kwa hiyo mikono. Wafula hakuwahi kuisamehe baridi ya huku kwetu, na mwaka ule tuliofanya kazi pamoja alisimama hivyo kuanzia Juni hadi Agosti. Miaka ishirini na mitatu sikuwa nimemtia machoni. Nitasema wazi, maana sina wa kumwogopa tena: moyo ulinienda mbio kama wa msichana, na mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba mwenye dawa ya presha kwenye mkoba.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa Gatitu, karibu na Nyeri, ghorofa ya pili, juu ya duka la agrovet. Harufu ya chakula cha ng'ombe na dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi, ikaingia kwenye sweta zetu, na nikifika nyumbani jioni watu walijua nilikotoka bila kuuliza. Kulikuwa na meza tatu, dirisha moja linaloangalia Mlima, na kapeti ya kijani ambayo nadhani ilikuwa ya meza ya pool. Kabla ya saa tatu Mlima ulionekana mzima na theluji yake. Baada ya hapo ulijifunika na hatukuuona tena mpaka kesho. Meza ya kwanza ilikuwa ya Engineer, aliyeishi ng'ambo miaka mingi akarudi na kadigani ya kahawia, chupa ya chai na imani kwamba kazi yoyote inayofanywa kule inaweza kufanywa Gatitu. Ya pili tuligawana mimi na Wafula. Ya tatu ilikaliwa na mashine ya majaribio, kompyuta ya zamani iliyokoroma kama mzee aliyelala chali.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache, ingawa dada yangu amekataa kuielewa hadi leo. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inatengeneza debugger, yaani programu ambayo kazi yake ni kuchungulia ndani ya programu nyingine na kuona inakosea wapi. Sisi tulipewa sehemu moja tu tuijaribu: watchpoint. Watchpoint ni mlinzi. Unamwonyesha mahali fulani kwenye memori ya kompyuta na kumwambia, yeyote akibadilisha kilichopo hapa, simamisha kila kitu uniite. Kuna njia mbili za kumweka. Ya kwanza ni kutumia rejista maalumu zilizo ndani ya prosesa yenyewe. Ziko nne tu, kwa hiyo unapata walinzi wanne tu, lakini hawa hawapunguzi mwendo wa kazi hata kidogo. Ya pili ni debugger kujifanya mlinzi yenyewe: inaendesha programu hatua moja, inasimama, inaangalia, hatua nyingine, inasimama, inaangalia. Njia hii haihitaji rejista yoyote, ila ni ya polepole mno, kama kuchambua gunia la maharagwe punje kwa punje. Tuliajiriwa kujaribu ile ya kwanza, ya rejista.

Engineer alikuwa na desturi zake, na ole wako uzicheke mbele yake. Katika ofisi yake hakuna aliyetia sahihi jaribio lake mwenyewe. Kulikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi; majaribio ya Wafula niliyatilia sahihi mimi, yangu aliyatilia Wafula, na juu ya kila sahihi shahidi aliandika kwa mkono neno "Nimeona". "Hata harusi inataka shahidi," alituambia, "sembuse kompyuta." Desturi ya pili ilikuwa kwamba jaribio likishaanza hakuna kuligusa. Saa saba kamili alibonyeza kitufe mwenyewe, akang'oa waya wa simu ya mezani kwa sababu aliamini mlio wake unasumbua mashine, akatutoa nje sote na kufunga mlango. "Test ni kama githeri," alisema. "Ukifunua sufuria kila saa, haiivi." Kisha yeye akaenda kulala kwenye pikapu yake, kofia usoni, na sisi tukashuka kula. Siku ambazo hakukuwa na jaribio kubwa tulikula kwa zamu, maana simu haikuruhusiwa kukosa mtu wa kuipokea. Jaribio lilichukua dakika arobaini na kitu. Hatukushangaa. Mashine ilikuwa nzee, na kuna nani kati yetu aliyewahi kukaa ndani akaitazama?

Hoteli ya Mama Njoki ilikuwa nyuma ya agrovet, mabati pande zote, meza nne, na meza moja ilikuwa ubavuni mwa jiko. Hiyo ilikuwa yetu. "Karibuni, meza yenu iko. Hakuna mtu amekaria," alitupigia kelele kabla hatujafika mlangoni, na kama kuna mtu alikuwa ameikalia, alihamishwa na sahani yake. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe yenye kabeji na kipande cha parachichi, au chapati na ndengu, na siku za Ijumaa mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa. Wafula alitokea upande wa Bungoma na alikuwa anakaa Kiganjo kwa mjomba wake, askari aliyefundisha makurutu kupiga kwata. Mukimo aliudharau waziwazi. "Hii ni chakula ya mtu hana meno," alisema. "Nyinyi watu mnapondaponda kila kitu, mnaogopa nini?" Nikamjibu, "Na nyinyi mnakula ugali ngumu hivyo ndio mjenge nayo nyumba?" Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Alikuwa na kicheko cha kuchelewa. Alikusikia kwanza, akafikiri, halafu kikaja chote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nakaa na kukingoja. Kuna siku nilipanda ngazi asubuhi nimeshaandaa utani wa saa saba.

Meza ya jirani walikaa fundi nguo na kinyozi, na mazungumzo yao tuliyafuata kama watu wanavyofuata mchezo wa redio. Fundi alikuwa anashona suti ya bwana harusi mmoja wa Kiganjo ambaye alikuwa ananenepa kila wiki. "Ati ameongeza inchi mbili tena," fundi alilalamika. "Nimefumua kiuno mara tatu. Huyu mtu anakula nini?" Kinyozi akamwambia, "Wewe achana na kiuno. Mwambie bibi arusi aharakishe, hiyo kitambaa iko na mwisho." Wafula alinikanyaga mguu chini ya meza ili nisicheke. Mguu wake ulibaki pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, au mimi ndiye niliyehesabu vibaya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nililelewa kanisani. Niliamini kwamba mwanamume ndiye anayesema, na kwamba msichana akianza yeye, amejimaliza. Hivyo nilikula githeri yangu na kushukuru kwa dakika arobaini.

Agosti, siku ya ukungu ambayo hata barabara haikuonekana dirishani, Engineer alimtuma Wafula mjini kutafuta kibodi, na yeye mwenyewe akaingia kwenye pikapu yake kulala. Nilibaki peke yangu. Nilikuwa nimeandika jaribio jipya dogo: weka walinzi watano. Rejista ni nne, kwa hiyo wa tano lazima akataliwe, na kukataliwa kwake ndiko kufaulu. Nililiendesha. Wa tano alikubaliwa. Alikaribishwa vizuri, karibu apewe na chai. Nikafikiri nimekosea, nikarudia, akakubaliwa tena. Ndipo nikafungua faili ambalo debugger ililisoma kila inapoanza, na humo nikakuta mstari mmoja. Wafula aliuweka mwezi wa Mei, alipotaka kulinganisha njia zote mbili, akasahau kuuondoa. Mstari ule uliiambia debugger isitumie rejista kabisa. Miezi mitatu tulikuwa tunajaribu njia ya polepole, ile ambayo hakuna aliyetuuliza habari zake, na kitabu cheusi kilijaa "Nimeona" zangu.

Niliuondoa. Wa tano akakataliwa, kama inavyotakiwa. Kisha nikaendesha majaribio yote, yale ya dakika arobaini, nikiwa nimekaa palepale. Yaliisha kabla sijaegemea kiti. Sekunde mbili, labda tatu. Na jaribio moja lilianguka: ukimfuta mlinzi, debugger ilisahau kusafisha rejista yake, kwa hiyo mlinzi aliyefutwa kazi alibaki getini akisimamisha watu. Hiyo ndiyo hitilafu tuliyoajiriwa kuitafuta. Mtu mwenye akili angeshuka ngazi mbilimbili akamwamshe Engineer kwa mayowe. Mimi niliangalia saa ya ukutani. Nikafikiri: sekunde mbili. Saa saba tutashuka kwa sababu gani? Tutarudi kula kwa zamu, yeye saa saba, mimi saa nane, na meza ya jikoni atakalia mtu mwingine. Nikauandika ule mstari tena, herufi kwa herufi, mahali pake. Nikalifuta jaribio la mlinzi wa tano. Wafula aliporudi na kibodi, amelowa, alinikuta nimekaa vizuri kama mtoto wa Sunday school. "Kuna mpya?" akauliza. Nikamwambia, "Hakuna."

Nilijiambia nitasema kesho. Kisha nikajiambia nitasema Jumatatu, maana habari mbaya Ijumaa si adabu. Baada ya wiki moja, kusema kungetaka nieleze ile wiki, na baada ya wiki mbili kungetaka nieleze zote mbili. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimejifunika blanketi tatu. Hata hivyo, na hili ndilo linalonitia aibu kuliko yote, sijawahi kuwa na furaha kama ile ya siku hizo. Nilijua kila dakika ya jaribio ni ya uongo, na kwa hiyo nilijua kila dakika ya mezani imeibwa. Nilimwangalia Wafula akivunja chapati vipande vinne kabla ya kula. Nilimsikiliza akinieleza, kwa macho yaliyowaka, kwamba siku moja ataandika debugger yake mwenyewe, ndogo, safi, na watu wa ng'ambo watatujaribia sisi. "Na wewe utasign kitabu," akasema. "Hakuna mtu mwingine ninaamini." Nilikunywa chai nikachoma ulimi. Siku za mwizi ni arobaini; mimi nilipewa kama thelathini za kazi. Mwisho wa Septemba ripoti iliondoka ikiwa na jina lake juu na langu chini.

Jibu lilifika Oktoba, na Engineer alilisoma kwa sauti akiwa amesimama, bila chai. Walikuwa wameyaendesha majaribio yetu kwenye mashine zao, bila faili letu, na hitilafu ya mlinzi aliyefutwa ilijitokeza papo hapo. Waliuliza, kwa heshima nyingi, ile heshima inayoumiza, ni vipi sisi tuliona yamefaulu kwa miezi mingi hivyo. Engineer aliketi kwenye mashine akalifungua faili. Haikumchukua hata dakika tano. "Nani ameweka hii line?" Wafula alisogea, akasoma, na nikaona uso wake ukipauka. "Ni mimi, Engineer," alisema. "Niliweka Mei. Nilisahau kutoa." Hakutafuta kisingizio, hakumtazama mtu. Engineer akafungua kitabu cheusi, akapitisha kidole kwenye sahihi zangu, ukurasa hata ukurasa. "Na wewe, Nyambura? Uliona nini?" Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Niliona imepita." Wafula aligeuka akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole. Nimekuingiza kwa shida." Aliniomba radhi mimi.

Kampuni ilichukua sehemu kubwa ya kazi yake. Ilibaki ya mtu mmoja, na Engineer alinichagua mimi, kwa sababu kosa langu lilikuwa la kutoona na la Wafula lilikuwa la mkono. Siku ya mwisho ya Wafula tulishuka kwa Mama Njoki bila jaribio lolote, saa nne asubuhi, na hakula. Aliomba chai tu. Fundi nguo alikuwa hajafika, kwa hiyo hatukujua kama bwana harusi aliwahi kutoshea. Nje, akiwa na begi lake, Wafula alisema, "Labda hii kazi inataka mtu wa akili kuliko mimi." Nilipaswa kupiga magoti palepale kwenye matope. Nilimwambia asafiri salama. Alirudi kwao, akasomea ualimu, na habari zake nilizisikia kwa vipande tu kwa miaka: amefundisha hesabu, ameoa, amepandishwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu.

Mimi nilibaki na Engineer miaka tisa. Alinifundisha kila ninachokijua, na kwa kazi hiyo nimeishi vizuri. Vijana wa Nyeri hunipigia simu programu zikiwashinda na huniita Mathe wa Bugs, mama wa hitilafu. Niliolewa na mtu mwema, na hilo halihusiani na haya. Majaribio ya siku hizi huisha kabla hujapepesa, na watu hula mbele ya skrini, mkono mmoja kwenye kibodi, mimi nikiwa wa kwanza. Sijawahi kumwambia yeyote kwamba wakati mwingine, nikiwa peke yangu, huiwasha njia ile ya polepole bila sababu, nikaketi, nikaitazama inavyopiga hatua na kusimama, hatua na kusimama, na huwa nalia. Natamani ile meza. Natamani joto la jiko kwenye bega la kushoto na kile kicheko kikiwa njiani kinakuja. Nimeyatamani miaka ishirini na mitatu, na kutamani hakujapungua kwa kujua nilichokilipia, wala kwa kujua kwamba bei ililipwa na mwingine.

Huko Kiriaini, jeneza likishafunikwa, chakula kiligawiwa kwenye sahani za udongo zilizoazimwa kanisani. Nilimfuata Wafula ukingoni mwa shamba, alikokuwa amesimama anakula peke yake akiangalia majani ya chai. Tulisalimiana kama watu wazima. Mwalimu, habari ya shule. Mama, habari ya Nyeri. Kisha nikamwambia, kabla woga haujanishika, kwamba ule mstari niliuona Agosti, wiki sita kabla ya ripoti. Kwamba niliuondoa, nikaona kila kitu, nikaurudisha. Alisimama kijiko kikiwa hewani.

"Agosti," alisema.

"Agosti. Siku ulienda kutafuta kibodi."

"Na ulinyamaza." Hakupandisha sauti. "Mimi nimekaa hii miaka yote nikifikiri niko na kichwa mbovu, Nyambura. Niliacha maneno ya kompyuta kabisa. Watoto wangu wakiniuliza kitu ya computer nawaambia waulize mtu mwingine." Akakishusha kijiko sahanini. "Kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini. Nilimwambia kuhusu zamu za chakula, na simu iliyong'olewa, na sekunde mbili. Ilitoka yote bila mpangilio, mwanamke mzima amesimama kwenye chai ya marehemu akieleza githeri ya miaka ishirini na mitatu iliyopita. Nilingoja acheke, maana nilijua kicheko chake huchelewa. Hakikuja. Aligeukia bonde, machozi yamemjaa.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ungesema, Wafula, twende tukule. Ningekuja. Ningekuja kila siku. Hiyo haikuhitaji test."

Simu yake ililia mfukoni. Aliiangalia, akanipa sahani ili aipokee simu. "Ndio, Mama Brayo, tumemaliza, nakuja," alimwambia mkewe, akigeukia upande. "Hapana, siko peke yangu. Niko na mtu tulikuwa tunafanya kazi na yeye." Nilimshikia sahani yake kwa mikono miwili mpaka akamaliza kuongea.